Koti la Binti Mpanda Farasi



Wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao ndio mnaoufungua ukurasa huu kabla ya wengine nyumbani, huenda mkastaajabu kwamba leo tunazungumzia koti la kupandia farasi. Nasi tulistaajabu tulipoletewa suala hili. Pwani yetu si nchi ya farasi. Al-Masudi, mwanahistoria aliyesafiri bahari hii katika karne ya 10, aliandika kwamba watu wa Zanji hawakuwa na farasi, na kwamba walipanda ng'ombe. Joto la huku na maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi havikumpa mnyama huyo nafasi ya kustawi, kwa hivyo mwenzetu akawa punda. Lamu punda hubeba mchanga, mawe na magunia, na siku za Maulidi vijana humshindanisha mbele ya umati. Farasi tulimjua zaidi kwa maneno: seruji, lijamu, hatamu, kikuku cha kutilia mguu. Maneno tunayo, mnyama hatuna.

Lakini watoto wetu hawakai tena pwani peke yake. Familia nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina watu wao Nairobi kwa kazi na biashara, na huko bara, tangu Karen na Limuru hadi Nanyuki, ziko skuli za kufundisha upandaji farasi. Yako pia maonyesho madogo ya mwisho wa wiki, ambapo vijana hushindana kuruka viunzi na kuonyesha namna wanavyokaa juu ya mnyama. Maonyesho hayo yana mavazi yake yaliyozoeleka tangu zama za Waingereza: kofia ngumu, buti, suruali yenye kubana mguu, shati lenye tai, na juu ya shati koti.

Koti hilo ndilo lililoleta mzozo katika ukoo wetu.

Dada yetu na mumewe wanakaa Nairobi. Binti yao ana miaka 15, na ni mtoto asiyeomba kitu. Akiletewa kiatu huvaa, asipoletewa hunyamaza. Kupanda farasi ndilo jambo la kwanza alilowahi kumwomba babaye mara mbili, na babaye, kwa kuwa alilijua hilo, alikubali kumlipia masomo. Muda wa mwaka na nusu akafundishwa pasi na matatizo, amevaa hijabu chini ya kofia ngumu na sweta pana iliyomfika magotini. Ilipofika siku ya maonyesho yake ya kwanza akaambiwa kwamba sweta haikubaliki uwanjani. Mwenzake mmoja akamwazima koti. Lilikuwa fupi, limeishia kiunoni, na lilimbana. Akalivaa, akapanda, akaruka viunzi vyake, akarudi nyumbani na utepe wa nafasi ya nne.

Yote hayo yangekwisha hapo lau mtu mmoja asingempiga picha kutoka nyuma na kuipeleka katika kundi la simu la ukoo. Maneno yaliyofuata hatutayaandika hapa. Itoshe kusema kwamba walioyaandika ni watu wazima, wengine ni mashangazi wa mtoto, na kwamba mtoto aliyasoma yote kwa sababu naye yumo katika kundi hilo. Katika madrasa tuliyosomea tulifundishwa kwamba aonaye tundu katika nguo ya mwenziwe huliziba kwa mkono wake, hasimami njiani kuwaita watu waje walione. Aliyeisambaza picha ile alifanya jambo zito kuliko koti.

Dada akatupigia simu. "Kaka, mwambie wewe, mimi nimechoka. Ama farasi ama hijabu, moja lazima liondoke."

Tukamwuliza mtoto mwenyewe alisema nini. Akakaa kimya kidogo, kisha akatwambia kwamba binti alisema neno moja tu, tena bila ya kupandisha sauti: wale wasichana wasiovaa hijabu walivaa koti lile lile, na hakuna aliyewasema. Usiku ule dada yetu hakulala. Nasi tulipoisikia kauli hiyo tukaona kwamba mtoto keshaanza kufanya hesabu, na kwamba mama anayemwambia achague moja katika mawili huenda asiipende chaguo atakayoisikia. Tukamwomba dada amlete Mombasa likizo ya Aprili, asimwambie lolote juu ya farasi hadi tuonane.

Alikuja. "Mjomba, shikamoo," akakaa penye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa kwa kadhi.

Kabla ya kufika kwenye nguo tulitaka kujua kama mna kamari katika mashindano hayo. Mbio za farasi za dunia nyingi zimefungamana na kamari, na hilo si jambo la kulifumbia macho. Akatueleza kwamba katika maonyesho yao hakuna anayeweka dau, na kwamba zawadi ni utepe na wakati mwingine kikombe. Hapo hapana tatizo. Wanazuoni wameruhusu hata zawadi ya mali katika kushindanisha farasi, kwa masharti yanayojulikana. Ama mwanamke kupanda mnyama, suala hilo halikutuchukua muda. Wanawake wa Kikuraishi wamesifiwa katika hadithi sahihi, na sifa waliyotajwa kwayo ni kupanda ngamia. Tena katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Bi Aisha na mwanasesere wake wa farasi mwenye mbawa, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwona akacheka. Msichana kupenda farasi si jambo lililoletwa na Wazungu.

Wapo wenzetu katika wanazuoni wenye msimamo mkali zaidi kuhusu mwanamke kushindana mbele ya hadhara yenye wanaume. Hatuwalaumu, na mwenye kutaka kuwafuata awafuate. Sisi tuliulizwa na familia ambayo baba keshatoa idhini na mtoto yumo tayari juu ya tandiko, na tuliona kazi yetu ni kumpatia vazi.

Hapa tunawaomba mabwana wanaousoma ukurasa huu kwa kuchungulia begani mwa wake zao waende wakalitazame koti wanalolivaa juu ya kanzu siku ya Ijumaa au ya harusi. Nyuma, chini ya kiuno, pana mpasuo. Mpasuo ule haukuwekwa kwa pambo. Uliwekwa ili mtu akikaa juu ya farasi koti lisijikunje mgongoni, bali ligawanyike lianguke huku na huku ya tandiko. Katika karne ya 18 Wafaransa walilichukua koti la kupandia la Waingereza pamoja na jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao wakapata redingote. Na karne nyingi kabla yao Imamu Bukhari, katika Kitabul-Libas, aliweka mlango wa vazi liitwalo kabaa, na katika kulieleza akataja kauli kwamba ni lile lenye mpasuo nyuma. Nguo ya mashariki ilipasuliwa pale pale ilipopasuliwa nguo ya Ulaya, kwa sababu umbo la mgongo wa farasi ni lile lile kila nchi. Tulimwonyesha binti koti letu lililotundikwa mlangoni. Akalishika mpasuo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe, maana tumekwisha kupokea maswali kutoka kwa familia nyingine mbili.

Makoti yanayouzwa tayari ni ya namna mbili kubwa. Ya kisasa ni mafupi na mepesi, yameshonwa kwa kitambaa kinachovutika, na mengine yana vipande vya wavu ubavuni ili hewa ipite. Ni mazuri kwa joto na kwa kuruka, na bei yake si ya mchezo. Lakini yameshonwa yashike mwili kama ngozi ya pili. Ya zamani, yale ya sufu nzito ya Kiingereza iitwayo twidi, ni marefu zaidi, yana mifuko iliyolazwa mshazari ili mtu aweze kutia mkono akiwa juu ya tandiko, na mpasuo mrefu. Katika maonyesho madogo aghalabu koti hili la zamani linakubaliwa bila ya maneno, mradi liwe la rangi tulivu: kahawia, kijani cha majani makavu, buluu ya usiku au nyeusi. Mzazi asikubali kuambiwa na mwuzaji kwamba fupi ndilo la lazima. Aiombe taarifa ya mavazi ya maonyesho husika, aisome mwenyewe.

Aulize pia mtoto anashindana katika nini. Hili wengi hawalijui, nasi tulifundishwa na binti. Liko shindano ambalo mwamuzi humpima mpandaji mwenyewe: mgongo umenyooka, mabega yametulia, mkono haupandi. Koti pana kupita kiasi humficha mgongo, na mwamuzi hawezi kukipa alama kitu asichokiona. Kwa hivyo si kweli kwamba kila anayedai koti lililokaa vizuri anataka kuutazama mwili wa mtoto. Wapo wanaotaka kuutazama ukaaji. Ama shindano la kuruka viunzi, humo huhesabiwa makosa. Mti mmoja ukianguka ni alama 4 za adhabu, farasi akikataa kuruka ni adhabu, muda ukipita ni adhabu. Mwamuzi hana haja na kiuno cha mtu. Binti yetu alisema yeye hupenda kuruka. Basi mlango ukafunguka: koti lake litoshe mabegani, ambako mikono inafanya kazi, na lilegee kuanzia kifuani kwenda chini.

Tukampeleka Mji wa Kale kwa fundi mmoja ambaye hushona suti, majoho na sare za skuli katika chumba kisichozidi upana wa kitanda viwili. Fundi hajapata kumpanda farasi maishani mwake. Alisikiliza, akauliza, "Shekhe, huyo farasi upana wake kiasi gani?" Binti akamwonyesha kwa mikono. Fundi akachukua jora tatu za vitambaa, akazilaza juu ya benchi moja juu ya nyingine, akazifunga kwa kamba, akaweka mto juu yake. Akamwambia binti, akiwa amevaa baibui lake, akae kama anavyokaa. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya pazia aje ashike futi yeye, na fundi akawa anaandika namba anazotajiwa.

Tunawausieni akina mama jambo hili kuliko yote tuliyoyataja: koti la kupandia farasi halipimwi mtu akiwa amesimama mbele ya kioo. Akisimama linafunika, akikaa linapanda, akiinama mbele kama anayeruka, linapanda zaidi, na mikono inafupika hadi kifundo kionekane. Apimwe amekaa, ameinama, na mikono ameinyosha mbele kana kwamba ameshika hatamu.

Hapo juu ya jora ndipo ilipodhihiri tofauti ya mpasuo mmoja na miwili. Koti la mpasuo mmoja wa katikati, mtu akikaa, hufunguka nyuma pale pale ambapo mama anataka pafungike. Lenye mipasuo miwili ya ubavuni huacha kipande kizima cha katikati, nacho huanguka nyuma juu ya tandiko kama pazia. Mke wa fundi ndiye aliyeliona kwanza. Urefu wakauweka hadi katikati ya paja. Lakini binti akasema kipande kile kitakuwa kinamwingia chini kila anapoinuka na kukaa, kwa sababu farasi anapochapua mwendo mpandaji huinuka na kukaa pamoja naye. Fundi akafikiri, akafungua mtoto wa meza, akatoa chubwi mbili ndogo za mshipi wa kuvulia samaki. Akazivika kitambaa laini na kuzishonea ndani ya pindo. Uzito wake haufiki wa funguo za mlango, na kipande kikatulia. Baadaye tukaja kusikia kwamba makoti ya mkia mrefu wanayovaa wapanda farasi wa Ulaya katika mashindano ya heshima nayo hutiwa uzito pindoni. Fundi alilifika jambo hilo kwa akili yake na mshipi wa nduguye mvuvi.

Mikono ya koti nayo ilitupa mazungumzo. Mughira bin Shuuba amesimulia kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), naye Mtume amevaa joho la Kishami lenye mikono myembamba, hata alipotaka kutawadha mikono ikawa haipandi, akaitoa kwa chini ya joho. Tukapata humo mambo mawili kwa ajili ya binti yetu. Nguo ya safari na ya kupanda mnyama ina ruhusa ya kuwa na mikono isiyopepea. Na fundi aweke vifungo vya kweli kwenye kifundo, vinavyofunguka, ili mtoto apandishe mkono hadi juu ya kiwiko na kutawadha bila ya kuvua koti mbele za watu. Makoti mengi ya dukani yana vifungo vya pambo ambavyo havifungui chochote.

Maana maonyesho haya huanza asubuhi na kwisha jioni, na Adhuhuri inaingia katikati, na pengine Alasiri. Jambo hili ndilo lililotufanya tukikatae kitambaa cha sufu. Katika madhehebu yetu ya Shafii jasho la farasi ni tohara na mate yake ni tohara, lakini kinyesi na mkojo wake ni najisi, na hakuna aingiaye zizini akatoka salama siku zote. Koti la sufu linataka dobi wa mashine na siku tatu za kungoja. Koti la poliesta iliyochanganywa na vitambaa vingine hutiwa maji usiku likavaliwa asubuhi. Tulichagua kitambaa cha aina hiyo, buluu ya usiku, chenye mistari ambayo haionekani mpaka ukisogee, na bitana ya pamba nyembamba kwa ajili ya jasho.

Hapa tuliingia katika mtihani mdogo wa nyumbani. Bi mkubwa wetu, mamaetu, aliposikia habari za koti alikwenda akafungua sanduku, akatoa koti la marehemu babaetu, la sufu nzito rangi ya kahawia, akataka likatwe apewe mjukuu. Alilitunza miaka mingi kwa karafuu na majani ya mrihani. Kulikataa lilikuwa jambo gumu. Tulimweleza habari ya najisi na kufua, akatutazama akasema, "Babako akilivaa kwenda shamba, na punda alikuwa akimlamba." Halikukatwa, lakini vifungo vyake sita vya pembe vilihamia katika koti jipya, na bi mkubwa akaridhika, ama alituonyesha kuridhika.

Yako mengine yanayofuatana na koti, tutayataja kwa haraka.

Glavu na tandiko: ulizeni ni ngozi ya nini. Ngozi ya nguruwe imetumika tangu zamani katika matandiko na glavu za wapanda farasi, na kwetu kuitengeneza kwa dawa hakuitoharishi. Kikavu kikigusa kikavu hakinajisi, lakini ni nani apandaye farasi asitoke jasho? Glavu za pamba zinapatikana kwa bei nafuu. Tandiko si lake mtoto, basi aulize kwa adabu. Matandiko mengi ya leo ni ya ngozi ya ng'ombe au ya kitu kisicho ngozi kabisa.

Suruali ilitusumbua kuliko koti, kwa kuwa ile inayobana ina sababu yake: nguo inayojikunja chini ya goti humchubua mpandaji mpaka atoke damu. Dawa tuliipata katika mshono wa zamani. Suruali iitwayo jodhpuri, iliyotoka mji wa Jodhpur huko Rajasthan, India, ambayo inasimuliwa kwamba Sir Pratap Singh aliifikisha Uingereza mwaka 1897 alipokwenda na wachezaji wake wa polo, asili yake ni pana kuanzia nyonga hadi juu ya goti, kisha hubana kuanzia goti hadi kifundo. Vitambaa vya kuvutika vilipokuja ndipo upana ule ulipoondolewa. Fundi wetu aliijua tangu ujana wake kwa kuwashonea wateja wa Kihindi. Inabana pale farasi anapotaka ibane, na inalegea pale mama anapotaka ilegee.

Kichwani, hijabu iwe ya kuvaa kwa kupitisha, ya kitambaa chembamba cha pamba, isiyo na fundo wala pini. Pini chini ya kofia ngumu ni hatari mtu akianguka. Ncha zake zote ziingie ndani ya ukosi wa koti, kwani kitambaa kinachopepea humshtua mnyama na huweza kunasa. Na kofia ngumu ijaribiwe dukani mtoto akiwa na hijabu ile ile atakayoivaa, si kichwa kitupu. Yeyote anayesema kwamba hijabu na farasi haviendi pamoja tunamkumbusha mwaka 2019, katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, ambapo msichana wa London, Khadijah Mellah, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mbio za hisani za wanawake ziitwazo Magnolia Cup, na hijabu yake chini ya kofia.

Koti lilikamilika siku mbili kabla ya binti kurudi Nairobi. Alilivaa mbele ya bi mkubwa, akakaa juu ya mkono wa kochi kama aliyepanda, akainama, akainuka. Bi mkubwa akamzunguka nyuma, akaangalia, akavuta pindo, akasema limefunika. Gharama yote, pamoja na suruali, ilikuwa chini ya nusu ya bei ya koti peke yake tuliyotajiwa dukani. Kuhusu kundi la simu, tuliandika humo ujumbe mmoja mfupi kwamba picha ya mtoto ifutwe na kila aliyenayo, na kwamba mwenye nasaha awapigie wazazi. Wawili walijitoa katika kundi. Hatukuwarudisha.

Maonyesho yaliyofuata sisi hatukuhudhuria. Dada yetu alikwenda, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga uwanja ule, kwani hapo kabla alikuwa akimwachia babaye mtoto. Alitupigia simu baada ya Magharibi. Binti aliangusha miti miwili, alama 8, hakupata utepe wa rangi yoyote. Msimamizi wa uwanja alilitazama koti mbele na nyuma, akauliza limenunuliwa wapi, akampitisha. Adhuhuri mtoto alisali nyuma ya magari, amepandisha mikono ya koti akatawadha kwa chupa ya maji.

Kisha dada akashusha sauti, akasema ana suala la fikihi. Wakati binti anasali yeye ndiye aliyeachiwa farasi amshike hatamu, na mnyama yule alimpangusia mdomo wote begani, baibui likaroa mpaka ndani, na hapo bado alikuwa hajasali Alasiri.

Tukamwambia ni tohara, asali.